Barua ya wazi kwa viongozi wa Kigoma: pimeni chumvi ya gulioni

Kwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma, Katibu Tawala wa Mkoa, Wakurugenzi wa halmashauri zote nane, Waganga Wakuu wa Wilaya na Maafisa Lishe. Nakala: Shirika la Viwango Tanzania (TBS), Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania.

YAH: MADINI JOTO, CHUMA NA ZINKI YANAYOISHIA NJIANI

Waheshimiwa viongozi,

Salamu kutoka Kasulu. Mimi ni mwalimu wa kemia. Barua hii inahusu vitu vinavyopimwa kwa mikrogramu, na najua vitu vya kipimo hicho havipati nafasi kirahisi kwenye vikao vyenye barabara, madarasa na mbolea. Naomba subira yenu.

Tangu mikataba ya lishe isainiwe, kila halmashauri inatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, na taarifa zinasomwa. Tunasikia fedha zilizotengwa na zilizotoka, watoto waliopimwa, vijiji vilivyofanya Siku ya Afya na Lishe, makopo ya vidonge yaliyopokelewa. Ni kazi kubwa na siibezi hata kidogo. Ila zote hizo ni hesabu za kilichotoka stoo. Kilichoingia tumboni hakisomwi popote, na kwa madini haya madogo, hapo kati ya stoo na tumbo ndipo panapovuja.

Nianze na chumvi, kwa sababu ndiyo rahisi kuliko yote na ndiyo iliyoniandikisha barua hii.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto (iodini) kwa siku. Mjamzito na anayenyonyesha wanahitaji 250. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Jumlisha mahitaji ya mtu aliyeishi miaka 70, hupati hata gramu 4. Maisha mazima, na kijiko cha chai hakijajaa. Sehemu kubwa ya hicho kidogo inakwenda kwenye tezi ya shingo, ambayo inakitumia kutengeneza homoni mbili, moja yenye atomu nne za madini joto na nyingine yenye tatu. Bila atomu hizo homoni haitengenezeki. Tezi ikikosa malighafi inavimba ikijaribu kunasa kila chembe inayopita kwenye damu, na hilo ndilo rovu, au goita kama wengi wanavyosema.

Rovu linaonekana. Baya zaidi halionekani. Mimba ikiwa changa, kabla tezi ya mtoto haijaanza kazi, ubongo wake unajengwa kwa homoni ya mama. Mama akipungukiwa sana, mtoto anazaliwa na uwezo uliopunguzwa, na hakuna kidonge cha darasa la tatu kitakachourudisha. Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema miaka mingi kwamba upungufu wa madini joto ndiyo sababu kubwa duniani ya madhara ya ubongo yanayoweza kuzuilika. Sisi walimu tunawapokea watoto wa namna hiyo bila kuwajua. Tunawaita wazito, tunawaambia wazazi wao waongeze bidii, tunapita.

Tanzania si mgeni wa jambo hili. Miaka ya 1980 wilaya zilizoathirika zaidi ziligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na katikati ya miaka ya 1990 ikawa lazima kisheria chumvi ya kula iwekewe madini hayo. Matokeo yake yalikuwa makubwa. Watoto wa shule wenye rovu walishuka kutoka karibu robo yao miaka ya 1980 hadi takriban 7 kati ya kila 100 katika utafiti wa kitaifa wa 2004. Sikumbuki sera nyingi za afya zilizofanya hivyo kwa gharama ndogo namna ile. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni senti 5 hivi za dola kwa mtu kwa mwaka. Lakini ugonjwa ukishapungua machoni, watu huacha kuulizia dawa yake. Chumvi ikawa chumvi tu tena.

Tupige hesabu pamoja. Chumvi yenye miligramu 30 za madini joto kwa kilo inampa anayekula gramu 5 kwa siku mikrogramu 150 kamili. Gramu 5 ndicho kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linataka tusikizidi, kwa ajili ya presha. Kwa hiyo hesabu imekaa vizuri: chumvi kidogo, madini ya kutosha. Sasa chumvi hiyohiyo ikifika jikoni ikiwa imebaki na miligramu 10 kwa kilo, mlaji anapata mikrogramu 50, na mjamzito anapata moja ya tano ya anachohitaji. Kiwango cha chini kinachokubalika kimataifa nyumbani kwa mlaji ni miligramu 15 kwa kilo. Angalieni neno nyumbani. Hawakusema kiwandani.

Kuna kipindi niliwaomba wanafunzi wa kutwa wa kidato cha tatu waje na chumvi ya kwao, kijiko kimoja kimoja, kimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Tulikuwa na kichupa cha kupimia, kile chenye wanga na tindikali ambacho ukidondosha tone moja juu ya chumvi yenye madini joto panatokea rangi. Wanafunzi wakapanga chumvi zao kwenye vigae vyeupe vya maabara, kila mmoja na jina lake kwa penseli. Chumvi ya binti mmoja ikageuka zambarau iliyokoza, darasa likashangilia kama wamefunga goli. Ya mwenzake wa dawati hilohilo ikabaki nyeupe pe. Tukadondosha tone la pili, nyeupe. Zilizobaki zilikuwa za kila namna: nyingine samawati hafifu kama maji yaliyosuuziwa kalamu, nyingine zina rangi upande mmoja tu wa kirundo.

Nikauliza chumvi zimenunuliwa wapi. Nyingi zilitoka gulio moja. Tofauti ilikuwa kwenye namna ya kununua. Zilizokoza zilitoka kwenye pakiti za plastiki zilizofungwa. Zilizobaki nyeupe na zilizokuwa hafifu zilitoka kwenye kiroba kilicho wazi, chumvi ya kupimiwa kwa kikombe, yule mama ameketi nayo juani tangu asubuhi, na jana yake alikuwa nayo gulio la kijiji kingine. Huyo ndiye anayewauzia watu wasio na hela ya pakiti. Yaani wale ambao mikataba ya lishe imeandikwa kwa ajili yao.

Niseme kitaalamu kidogo, maana wapo watakaosema mwalimu anatia chumvi. Kinachowekwa kiwandani ni potasiamu iodeti, kemikali inayobeba madini joto, ambayo ni imara kuliko iodidi iliyokuwa ikitumika zamani na nchi nyingine. Kwenye chumvi safi, kavu, iliyofungwa, inakaa miezi. Adui zake ni unyevu, joto, jua na uchafu wa chumvi yenyewe. Hesabu za kawaida huruhusu asilimia 20 kupotea kati ya kiwanda na nyumba, na asilimia 20 nyingine kwenye mapishi. Hiyo ni kwa utunzaji wa kawaida. Nimeingia stoo ya shule moja, sitaitaja, nikakuta kiroba cha chumvi ya mwezi kimesimamishwa kwenye sakafu ya udongo, mdomo wazi, kikombe kimezamishwa ndani. Chini ya kiroba palikuwa na doa la majimaji lililosambaa hadi kwenye magunia ya mahindi. Chumvi inanyonya unyevu wa masika, inalowa, maji yanashuka taratibu, na yanaposhuka yanabeba iodeti. Chumvi iliyobaki juu ina ladha ileile. Mpishi hawezi kujua na mkuu wa shule hawezi kujua. Mtoto anakula maharage yenye chumvi ya kutosha, na madini joto yake yako sakafuni.

Kipimo cha matone kina mipaka yake, nakiri. Kinakuambia yapo au hayapo. Ukolezi wa rangi usiutegemee kutaja miligramu. Lakini kichupa kimoja kinapima makumi ya sampuli, hakihitaji umeme, na afisa afya anaweza kukitia mfukoni. Kwa namba kamili ipo titresheni ya sodiamu thiosulfati, yaani kudondosha kemikali hiyo kidogo kidogo hadi rangi ipotee, ambayo wanafunzi wa kemia wa kidato cha sita wanaifanya kwa ajili ya mtihani. Wanaifanya kwa miyeyusho isiyo na maana yoyote kwa maisha yao, kisha wanaimwaga. Mkoa huu una shule kadhaa za kidato cha tano na sita, zenye maabara na vijana wenye mikono iliyokwisha kuzoea bureti, ule mrija wa kudondoshea. Wapeni chumvi za magulio.

Mkoa wa Kigoma, kwa kweli, si wa kufundishwa chumvi. Chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza zimekuwa zikichemshwa tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wanaakiolojia waliochimba pale miaka ya 1960 waliyakuta majiko ya zamani na vigae vya vyungu. Misafara ilikuja kuifuata kutoka mbali pande zote za maziwa makuu. Babu zetu waliithamini kwa ladha na kwa biashara, na hawakuwa na sababu ya kujua kwamba chumvi, iwe ya chemchemi au ya bahari, ikishakaushwa haibaki na madini joto ya kumtosha mtu. Ni lazima yaongezwe. Wapo wazee hadi leo wanaodai chumvi ya asili ina kila kitu ndani yake, na kwamba hii ya kuongezewa ina dawa za uzazi wa mpango. Uvumi huo ninyi mnaujua. Haujibiwi kwa tangazo la redio mara moja kwa mwaka. Unajibiwa pale pale gulioni kwa tone linalogeuka rangi mbele ya macho ya watu.

Kuna uvumi mwingine wa kistaarabu zaidi, ambao nimeusikia hata kwa watumishi: kwamba sisi tuna Ziwa Tanganyika, tunakula samaki, madini joto hatuna shida nayo. Samaki wenye madini joto mengi ni wa baharini. Maji baridi yana kidogo sana. Dagaa wetu ni hazina kwelikweli, lakini ya kalsiamu, chuma na zinki, kwa sababu analiwa mzima na mifupa na kichwa. Kwa tezi ya shingo hatoshi.

Na sisi tuna sababu ya ziada ya kuwa makini. Ugali wa muhogo ndio chakula cha nyumba nyingi huku. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Ukilowekwa siku tatu na zaidi, ukamenyeka vizuri, ukaanikwa hadi ukauke, sehemu kubwa inaondoka. Kinachobaki mwili unakigeuza kuwa thayosayaneti, na kemikali hiyo inagombania mlango na madini joto kwenye tezi ya shingo. Anayepata madini joto ya kutosha hadhuriki kwa hilo. Anayepata kidogo anaporwa hata hicho. Njaa inapobana watu wanafupisha kuloweka, wanaanika juu juu, wanasaga. Ndiyo maana mahali pa kupima kwanza, kama fedha ni chache, ni vijiji vya muhogo vilivyo mbali na lami, msimu ule wa ghala kuwa tupu.

Nimeisema chumvi kwa kirefu makusudi. Haya mengine nitayapita haraka zaidi, ingawa ugonjwa wake ni uleule.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta upungufu wa damu kwa takriban watoto 59 kati ya kila 100 wa miezi 6 hadi 59, na kwa wanawake 42 kati ya kila 100 wa umri wa kuzaa. Si wote wana upungufu wa madini chuma. Malaria inakula damu, minyoo inakula damu, na mkoa wetu ndio uliokuwa juu kuliko yote kwa malaria ya watoto katika utafiti wa 2017. Wajawazito wanapewa vidonge vya kuongeza damu, chuma pamoja na foliki asidi, kila siku. Wanapewa, ndiyo. Nendeni mkaangalie chini ya magodoro. Kidonge kinaleta kichefuchefu, choo kinakuwa cheusi, na jirani anamwambia mtoto atakuwa mkubwa hadi upasuaji. Nesi mwenye foleni ya wanawake hamsini hana dakika ya kueleza kwamba choo cheusi ni chuma iliyobaki, kwamba kidonge ukikimeza baada ya kula kichefuchefu kinapungua, na kwamba kukishushia chai ya rangi ni kukipoteza, kwa sababu chai inaifunga chuma isinyonywe. Maji na ndimu, au embe baada ya maharage, vinafanya kinyume chake: vinaisaidia chuma ya mimea kupita. Kibondo na Buhigwe mnalima maharage, Kigoma embe zinaozea chini ya miti. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba angeweza kulisema hili kwa Kiha kilichonyooka akiwa ameketi jikoni.

Zinki nayo. Mtoto anayeharisha anatakiwa apate maji ya chumvichumvi na zinki siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, nusu yake kama hajafikisha miezi sita. Huo ni mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF tangu 2004. Zinki inafupisha kuharisha kwa sasa na inapunguza kuharisha kwa miezi inayofuata, ndiyo maana inaendelea hata choo kikikaza. Mwili hauna ghala la zinki. Ukikosa leo, umekosa leo. Nimewahi kupewa kwenye zahanati moja vidonge vinne vya mtoto wa ndugu yangu, nikaambiwa vingine vitakuja. Mama mtoto alipoona ameacha kuharisha siku ya tatu, aliona hata hivyo vinne ni vingi. Kwenye taarifa ya robo mwaka, bila shaka, mtoto yule ni mmoja wa waliopata huduma.

Unga ulioongezwa virutubishi sitausema sana. Kanuni zipo tangu 2011, ngano na mahindi ya viwanda vikubwa yanatakiwa kuwekewa chuma, zinki na vinginevyo. Ni jambo jema kwa Dar es Salaam. Mwanamke wa Heru Juu anasaga muhogo wake mwenyewe kwenye mashine ya jirani, kwa debe, na hakuna kiwanda chochote kati ya shamba lake na sufuria yake. Chumvi ndicho chakula cha kiwandani ambacho karibu kila nyumba hununua. Ndiyo maana narudi kwayo.

Sasa kuna jambo la upande wa pili, na hapa naomba msinielewe vibaya kwamba mwalimu anataka madini yamwagwe. Stendi zetu na makanisa yetu siku hizi yamejaa wauza virutubisho. Kijana mwenye tai na begi anakuja na vichupa vya zinki, seleniamu, kromiamu na shaba, anakupima kiganja kwa mashine yenye taa, anakuambia mwili wako una upungufu wa madini kumi na moja, na dozi ni laki na nusu. Watu wanauza mbuzi. Madini haya yana sakafu na yana dari pia. Zinki nyingi kwa muda mrefu inazuia shaba kunyonywa, na mtu anaishia na upungufu wa damu alioununua kwa hela yake. Seleniamu mahitaji ni mikrogramu 55 hivi, ukizidisha 400 kwa siku unaelekea kwenye sumu, nywele na kucha zinaanza kutoka. Wenzetu wa Arusha na pande za Meru wanaijua dari hiyo kwa floraidi: kidogo inalinda meno, nyingi ya kwenye maji yao imeyachoma rangi ya kahawia na kupinda mifupa ya wengine. Na mfano mzito zaidi uko Pemba. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika kule, ambako watoto wadogo waliopewa madini chuma na foliki asidi kila siku, katika mazingira ya malaria kali, walilazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa. Tangu hapo msimamo ni kwamba watoto wa maeneo ya malaria wapewe chuma pamoja na kinga na matibabu ya malaria, si peke yake. Kigoma hilo linatuhusu moja kwa moja. Anayemuuzia mama dawa ya kuongeza damu ya mtoto mlangoni bila kuuliza habari ya homa wala chandarua hatakiwi kuitwa mjasiriamali.

Kwa hiyo siombi vidonge zaidi. Naomba kipimo.

Naomba kila halmashauri, kutoka kwenye fungu hilohilo la shilingi 1,000, inunue vichupa vya kupimia chumvi na kuwakabidhi maafisa afya wa kata, na kwamba kila mwezi ipimwe chumvi ya gulio, ya duka la kijiji na ya stoo ya shule, matokeo yabandikwe mahali watu wanasoma. Msianze na faini. Nawaomba sana hapa. Mkimnyang'anya yule mama kiroba chake mtakuwa mmemfilisi mtu ambaye hakuiharibu chumvi kwa kupenda, na wateja wake watakosa hata hiyo. Mpeni ndoo yenye mfuniko na kivuli. Mwambieni auze kilichopimwa, mbandikieni alama, muone kama mwenzake wa meza ya pili hatakuja kuiomba mwenyewe. Faini ziwekeeni wale wanaopakia viroba visivyo na jina wala tarehe na kuvisambaza kwa malori. Hao TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo yenye dhamana ya usalama wa chakula, inaweza kuwafuata kwa kufuata kiroba nyuma kutoka gulioni. Bila kipimo cha gulioni hata pa kuanzia hapapo.

Shuleni jambo ni dogo zaidi: kiroba kiinuliwe juu ya ubao, kiwe ndani ya pipa lenye mfuniko, na chumvi itiwe kwenye maharage yakikaribia kuiva. Waraka wa ukurasa mmoja kutoka kwa maafisa elimu ungetosha. Tumepokea waraka mrefu zaidi kuhusu rangi ya soksi.

Zinki itolewe siku kumi kamili mkononi, au ihesabiwe kuwa haikutolewa. Taarifa ya vidonge vya kuongeza damu iwe na mstari mmoja wa ziada: wangapi, kati ya waliotembelewa nyumbani, walivimeza wiki iliyopita.

Na ziwa. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisitishwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Naunga mkono, ziwa limechoka. Lakini kwa nyumba nyingi dagaa ndiye chuma na zinki ya wiki, na hata ziwa likiwa wazi wale wazuri wa Kibirizi na Katonga wanapanda gari moshi kwenda kuliwa mbali kabla hawajapanda milima ya kuja kwetu. Siku mnapopanga tena kufunga, afisa lishe wa mkoa awe mezani pamoja na afisa uvuvi, na shule zenye chakula ziwe zimeshanunua dagaa wakavu wa kupitisha miezi hiyo. Kilo chache za dagaa waliosagwa ndani ya sufuria la maharage si gharama ya kuitishia harambee.

Kwa upande wetu, maabara iko tayari. Tuna bureti, tuna wanga, na thiosulfati ya kuanzia ipo. Tunachokosa ni barua ya mkurugenzi inayoturuhusu kuchukua sampuli sokoni bila kuonekana wapelelezi, na mtu wa ofisi ya afisa lishe wa kumkabidhi matokeo. Sampuli ichukuliwe vijiko viwili, iwekwe kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa, iandikwe gulio, tarehe, na kama ilikuwa ya pakiti au ya kiroba. Jina la muuzaji lisiandikwe. Zikifika Jumatatu, Ijumaa majibu yatakuwa mezani kwenu.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa kemia,
Kasulu